Eda ya Shifa

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeanza somo la mambo ya kudhania, na wanafunzi wangu wamenigomea. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne katika shule za serikali, nikastaafu, na sasa nafundisha wanawake sita sebuleni kwangu hapa Mji wa Kale, Jumatatu mpaka Alhamisi baada ya alasiri. Sijapata kuona watu wazima wakiogopa sentensi. Niliandika ubaoni: ungefanya nini kama nyumba yako ingeshika moto? Mejumaa, anayefanya usafi katika jumba moja la Kizingo na ambaye ndiye hodari wa darasa, akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, huo ni uchuro. Mimi nyumba yangu siitabirii moto."

"Ni mfano tu, Mejumaa."

"Basi tutolee mfano wa nyumba yako."

Wakacheka. Nikafuta, nikaandika: kama mtoto wako angeugua. Winnie, anayeuza mitumba Makupa, mlokole asiyekosa kanisani, akasema hilo analikataa katika jina la Yesu. Nikawauliza kwani mauti yamekaa nje ya dirisha langu yakingoja kuitwa kwa Kiingereza.  Ikabidi tudhanie mazuri matupu: kama ningekuwa tajiri, kama ningekuwa na ghorofa Tudor. Shifa, mdogo wao wote, akasema: kama mume wangu angekuwa hapa, angeninunulia achari. Mimba yake ina miezi saba na ushei. Nilimsahihisha mahali pamoja tu.

Jumanne, 5 Machi

Sina wa kumwambia ila daftari hili.

Kabla ya adhuhuri Shifa alipanda ngazi zangu peke yake, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika bahasha. Karani wa ofisi ya meli alimwachia mlangoni, akamtaka atie saini, akaenda zake. Mtaa huu wote huniletea barua zao za Kiingereza. Nimewasomea za hospitali, za mahakama, za watoto walioko Ulaya. Shifa ni mzaliwa wa Faza, shule aliiacha darasa la tatu, simu yake ni kabambe ya vibonye. Mumewe Faiz hufanya kazi ya mitambo katika meli ya mizigo. Aliondoka Oktoba, na tangu katikati ya Februari simu yake haipatikani. Shifa anakaa na mama mkwe wake, Bi Mwanabaraka, vichochoro vitatu kutoka hapa. Mimba mbili zimeshamharibikia, ya pili ikiwa na miezi saba.

Niliisoma kimya kwanza, kama nifanyavyo siku zote. Walisikitika kumjulisha kwamba tarehe kumi na mbili Februari mumewe alivuta hewa mbaya chini ndani ya meli, akafariki siku hiyo hiyo. Alizikwa kesho yake katika makaburi ya Waislamu ya bandari waliyokuwapo. Vitu vyake vitaletwa. Chini kulikuwa na muhuri.

Shifa alikuwa akinitazama usoni.

"Wasemaje, Mwalimu?"

Nikatazama tumbo lile.  Sikukusudia, wallahi sikukusudia, lakini nilisikia sauti yangu ikisema meli imeharibika mtambo, imezuiliwa bandari ya mbali, na mabaharia hawaruhusiwi simu kwa sasa. Kwamba wote wazima. Kwamba jamaa zao wasiwe na wasiwasi.

Akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Akacheka, akaniinamia akanibusu mkono. Akataka barua akamwonyeshe mama. Nikamwambia niachie, lazima ijibiwe, nami nitaijibu.

Imo sandukuni sasa, chini ya nguo.

Nilifiwa na mume wangu Abdulhalim miaka kumi na mitatu iliyopita. Nilikaa eda yake miezi minne na siku kumi. Sikutoka, sikujipamba, nilipikiwa, nilililiwa, wanawake walikuja wakakaa nami hata wasipokuwa na la kusema. Siku nilipotoka nilikuwa nimechoka kulia, na kule kuchoka ndiko kulikoniponya. Najua basi nimemzuilia nini mtoto wa watu. Na eda ya mwenye mimba huisha kwa kuzaa, hata akizaa kesho. Hilo pia nalijua. Nitamwambia akishajifungua salama. Wiki saba. Si uongo, ni kuchelewesha tu.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda ofisi ya meli. Nilijifanya shangazi yake. Nikamwambia yule karani mja mzito hawezi kupokea habari hizi mara mbili, vitu viwekwe, simu isipigwe, mtu asije, mpaka familia itakapokuja yenyewe. Alikubali upesi sana. Naona alifurahi kutuliwa mzigo.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani mosi. Darasa limefungwa mpaka baada ya Idd. Joto la kufa mtu.

Jumatano, 20 Machi

Bi Mwanabaraka ameniletea kaimati za futari, shukrani kwa kumsomea barua. Sikuzila.

Jumanne, 2 Aprili

Shifa anataka nimwandikie ofisi barua, awaulize lini mabaharia wataruhusiwa simu. Alinitajia maneno, nikaandika yote kwa hati nzuri, nikamsomea, akaridhika. Alipoondoka niliiweka sandukuni juu ya ile nyingine.

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha leo. Paa linavuja pale pale.

Jumatano, 10 Aprili

Idd. Shifa alikuja kunipa mkono, amevaa dera jipya la waridi, amejifukiza udi mpaka ngazi zote zikanukia. Mjane ndani ya eda. Hana dhambi, hajui. Aliniuliza amependeza, nikamwambia amependeza. Akasema mama amemwekea Faiz sahani ya biriani, ni mazoea yao mtu akiwa safarini. Nililia alipoondoka, kisha nikajikasirikia, maana kulia kwenyewe nilikuwa nimemwibia yeye.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua haijakatika siku tatu. Darasa limeanza tena, wote wamekuja wamelowa, viatu vimejaa mlangoni.

Hawajaketi sawasawa Shifa akauliza mbele ya watu, "Mwalimu, hawajajibu bado?" Ameniuliza hivyo mara tano tangu Idd. Nikasema wamejibu. Kwa nini nilisema hivyo? Nilichoka na ule uso unaongoja. Nikaingia chumbani, nikatoka na karatasi ya kwanza iliyonijia mkononi. Ilikuwa waraka wa chama cha walimu wastaafu, wa kutangaza mkutano wa mwaka. Nikaishika kwa mikono miwili, nikaanza kuwasomea kwa Kiswahili barua isiyokuwepo. Faiz mzima. Amekonda kidogo kwa chakula cha melini. Anawasalimu. Anamwambia mama asiache dawa zake za presha. Hilo la dawa nilijua ndilo litakalowafanya waamini, na nikalitia.

Nimewapiga watoto fimbo kwa uongo mdogo kuliko huu.

Winnie akasema asifiwe Bwana. Shifa alikuwa ubavuni pangu, anachungulia karatasi kana kwamba atamwona mumewe humo ndani. Nikaikunja.

Basi Mejumaa akapata wazo. "Mwalimu, wewe wataka tudhanie, na sisi hatutaki moto wala maradhi. Tudhanie hivi: Shifa angekwenda ofisini mwenyewe, angesema nini?"

Darasa zima likaitikia. Hilo halikuwa uchuro kwao. Ningekataaje? Nikavuta kiti nyuma ya meza, nikawa karani. Shifa akabisha hodi kwenye kabati. Mara ya kwanza aliomba radhi mara tatu kabla ya kusema jina lake, na mimi, mwalimu mjinga, nikamfunza.

"Usiombe radhi sana, watakuketisha mlangoni mpaka magharibi. Taja jina la meli kwanza. Halafu jina la mumeo. Halafu sema: ningependa kuiona barua yenyewe kwa macho yangu."

Kwa nini sentensi hiyo, katika sentensi zote? Sijui. Ni mazoea ya kufundisha vizuri. Aliirudia mpaka ikateleza. Kufikia mwisho wa saa alikuwa akinitazama machoni akiisema, na wenzake wakampigia makofi.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Kuta zinatoka jasho. Wamekuja wawili tu, na Shifa ni mmojawao.

Jumamosi, 27 Aprili

Amejifungua mvulana, saa nane na robo mchana. Bi Mwanabaraka alinipigia simu huku akipiga vigelegele. Nikakaa kitini nikahesabu: siku sabini na tano tangu Faiz afe. Eda imekwisha hapo hapo, saa nane na robo, Shifa akiwa kitandani leba na hajui kwamba aliianza.

Niliapa nitamwambia akijifungua salama. Nimekwenda hospitali jioni na supu. Yuko mzima, mtoto mzima. Aliniambia, "Mwalimu, laiti angekuwapo," kisha akajisahihisha, akairudia kwa Kiingereza ili nijue hajasahau somo. Nikamwambia vizuri sana. Nikarudi nyumbani na bakuli.

Nikimwambia sasa maziwa yatakauka. Hilo ni kweli, madaktari wenyewe husema. Nasubiri arobaini.

Ijumaa, 3 Mei

Leo ndipo nilipofika pabaya kuliko pote.

Kesho ni siku ya saba, mtoto apewe jina. Nilikwenda kuwasalimu. Bi Mwanabaraka alikuwa amekaa kwenye mkeka anampaka mtoto mafuta ya nazi. Ni mwanamke mkavu, mwenye maneno machache, na siku zote nilimwona mgumu kwa mkwewe. Sasa naona vidole vyake kwa mtoto yule, sijui nilikuwa nikitazama nini.

"Mwalimu Nasiha," akaniambia, "jina la mtoto ni la babake kutoa. Kwetu ndivyo. Hawajakuletea salamu zozote? Labda ametaja jina."

Shifa akasema, "Nilimwambia Mwalimu amwulize jina katika ile barua ya pili."

Kweli aliniambia, wiki ile kabla ya kujifungua. Niliandika, nikaweka sandukuni. Wakanitazama wote wawili. Nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa umefungwa, mtoto ameshiba, mimba haipo tena ya kuhofia. Maneno yalinifika kooni. Kisha Bi Mwanabaraka akasema, "Mwanangu hawezi kusahau jambo kama hili," akitabasamu, na sikuwahi kumwona akitabasamu.

"Ametaja," nikasema. "Amesema aitwe Abdulhalim."

Jina lililonitoka ni la mume wangu. Sikulitafuta. Sikujaliwa mtoto mimi, na jina hilo nilikuwa nimeliweka kwa mtoto ambaye hakuja. Nikangoja Bi Mwanabaraka ashtuke, maana amemjua Abdulhalim maisha yake yote. Akainamisha kichwa, akafikiri.

"Kama marehemu mumeo," akasema. "Basi Faiz hakusahau. Alipokuwa mdogo mzee yule alikuwa akimchukua sokoni, akimnunulia halwa. Mwanangu ana moyo wa kukumbuka."

Akajipangusa macho kwa ncha ya kanga. Uongo wangu alinishonea mwenyewe, mshono kwa mshono, kwa mapenzi ya mwanawe. Nikasema ndiyo, ana moyo.

Nimejichukia leo kama sijawahi.

Jumamosi, 4 Mei

Sikwenda kwenye jina. Nimesema nina homa.

Alhamisi, 16 Mei

Shifa hawezi kutoka kabla ya arobaini, kwa hivyo naenda kumfundisha nyumbani kwao kila Alhamisi asubuhi. Yeye ndiye aliyeomba. Anasoma kwa pupa, mtoto kifuani, kitabu gotini. Anasema Faiz akirudi atamkuta mke mwingine. Nilikuwa nikimwona msichana mpole wa visiwani asiye na mengi kichwani. Nilikosea. Ana akili kuliko wengi niliowapeleka sekondari, na kila neno ninalompa linamsogeza kwenye lile sanduku. Najua, na bado nampa. Labda nataka afike mwenyewe, nisilazimike kumpeleka. Huo ni woga wa aina yake.

Alhamisi, 23 Mei

Mvua imeingia mpaka vyumbani. Nimefika nimelowa chapachapa. Katikati ya somo Shifa akaniuliza bila kuinua macho kitabuni:

"Mwalimu, ile barua uliyotusomea siku ya mvua. Juu yake kulikuwa na neno la walimu. Nimelisoma leo kitabuni ndipo nikalikumbuka. Walimu wameingiaje kwenye mambo ya meli?"

Nikajibu kwamba mabaharia pia wana walimu wao, wa usalama. Akasema, aa. Akageuza ukurasa.

Hakuuliza tena. Nilitamani aulize tena.

Alhamisi, 30 Mei

Alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Alisoma ukurasa mzima bila kukosea. Chai walinipa, na Bi Mwanabaraka akanisindikiza mpaka mlangoni kama kawaida. Shifa hakutaja barua yoyote.

Jumatano, 5 Juni

Arobaini imetimia. Wamemtoa Shifa, wamempamba. Nilituma zawadi, sikwenda mwenyewe. Jumatatu. Jumatatu darasani nitambakisha nyuma, nimwambie. Nimeandika hapa ili nisiweze kukana.

Jumatatu, 10 Juni

Amekuja darasani, mtoto mikononi mwa Mejumaa. Mwisho wa somo nikamwambia, "Shifa, kaa kidogo." Akasema leo hawezi, mama anamngoja. Akaniangalia kidogo zaidi ya kawaida. Nami nikashukuru Mungu kwamba hawezi, nikashukuru kabisa, kwa moyo wote.

Jumatano, 12 Juni

Shifa hakuja. Mejumaa pia hakuja, na Mejumaa hajakosa hata siku moja tangu mwaka jana.

Alhamisi, 13 Juni

Naandika yote, nisibakize kitu.

Mvua ilikatika asubuhi. Saa kumi na nusu walikuja wote sita. Shifa akaketi mahali pake mbele, Mejumaa nyuma yake na mtoto begani. Nikageukia ubao nianze kuandika tarehe.

"Mwalimu, naomba nisome."

Alisema kwa Kiingereza, na alikuwa ameshasimama. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara tatu. Nilipoona muhuri kwa upande wa nyuma, nikashika meza.

Akasoma. Akasoma polepole, neno kwa neno, kidole chini ya mstari kama nilivyomfunza. Wanasikitika kumjulisha. Tarehe kumi na mbili Februari. Hewa mbaya. Alifariki siku hiyo hiyo. Neno moja alilitamka vibaya, na mdomo wangu, Mungu anisamehe, ukafunguka kumsahihisha. Miaka thelathini na minne ya mazoea. Nikaufunga. Aliona.

Winnie alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Shifa akamaliza mpaka jina la aliyetia saini, akaikunja ile karatasi, kisha akasema kwa Kiswahili:

"Karani amenipa nakala. Nilitaja jina la meli kwanza. Sikuomba radhi. Amenishangaa, amesema shangazi yangu alikwenda tangu Machi. Mimi sina shangazi Mombasa."

"Shifa, mwanangu."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku uliyoileta."

"Siku ile nilikubusu mkono."

Nikamwambia nilichelea mimba. Nikamwambia zile mbili zilizoharibika. Maneno yote niliyokuwa nimejiambia miezi mitatu, niliyatoa pale mbele ya darasa, na kila moja lilipotoka nililisikia lilivyo dogo.

"Nilijifungua Aprili," akasema. "Leo ni Juni. Ulikuja kwetu kila Alhamisi. Mama alikuwa akikupa chai."

"Nilikuwa naogopa."

"Wewe ulikuwa ukituambia sisi ndio waoga."

Hakupandisha sauti. Ningefurahi angenitukana, angenirukia. Akamchukua mtoto kwa Mejumaa, akamwegesha begani.

"Wewe mumeo alipokufa ulikaa eda?"

"Nilikaa."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Mimi yangu imekwisha leba. Nilikuwa nimelala pale namngoja aliyekufa apige simu. Ndani ya eda yangu nimevaa dera la waridi, nikaja kukuuliza nimependeza, ukaniambia nimependeza." Akamtazama mtoto. "Na jina la mwanangu, nani kampa?"

Nikasema, "Mimi."

"Mama amekwenda kwa watu wote wa mtaa huu kuwaeleza kwamba mwanawe alikumbuka halwa."

Nikasema jina lilinitoka tu, sikulipanga. Nikasema naomba anisamehe. Mejumaa akainuka, akakusanya madaftari ya Shifa, akayatia mkobani mwake. Wengine wakainuka nao, mmoja mmoja, pasipo kuambiwa. Winnie alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni analia, akasema, "Mwalimu, mbona hukutuambia hata sisi?"  Wakashuka ngazi.

Ijumaa, 14 Juni

Mejumaa amekuja asubuhi, hakutaka kuingia. Amesimama ngazini akanieleza kwa sababu, amesema, ni haki yangu kujua nilichofanya. Shifa alimwambia Bi Mwanabaraka mwenyewe, jana magharibi. Bi kizee hakulia. Aliuliza Faiz alikufa siku gani ya wiki, wakahesabu, wakapata Jumatatu. Akasema Jumatatu ile alikuwa amefua mashuka ya Faiz, akayaanika darini, yakanyeshewa na kijua kikali bado kipo. 

Kisha Shifa alikwenda kwa Maalim Sufyan wa madrasa, kumwomba akae eda sasa, japo siku arobaini, japo kumi. Maalim amemwambia hana eda. Eda huhesabiwa tangu kifo, si tangu habari, na yake iliisha kwa kuzaa. Asijifunge nguo za eda, asijizuilie ndani, maana kujipangia ibada isiyokuwapo si halali. Alie, macho hayana hukumu. Lakini mjane wa kukaa eda yeye si.

"Alimwuliza mara mbili," Mejumaa akaniambia. "Mara ya pili alikuwa amepiga magoti. Maalim mwenyewe alikuwa akipangusa macho."

Nikamwambia Mejumaa nilidhani namlinda.

"Najua," akasema. "Kama ningekuwa wewe, sijui ningefanya nini." Kisha akashuka, na sikumwona tena siku nzima.

Jumatatu, 17 Juni

Idd ya kuchinja. Hakuna aliyekuja kunipa mkono.

Jumatano, 19 Juni

Nimeweka viti sita, nikakaa mpaka magharibi.

Alhamisi, 20 Juni

Leo ilikuwa khitma ya Faiz, nyumbani kwa Bi Mwanabaraka, baada ya alasiri. Sikualikwa. Nimekwenda hata hivyo; matangani mtu hafukuzwi, nami nilijua hilo na nikalitumia. Nilivua viatu, nikaingia, nikakaa karibu na mlango. Wanawake walikuwa wengi, wametoka hata Tudor na Likoni, jamaa za mbali ambao hawajapata kumwona Shifa.

Bi Mwanabaraka alikuwa amekaa pembeni na tasbihi, ameegemea ukuta. Nilimpa mkono. Aliuacha wake ndani ya wangu kidogo, laini, hauna nguvu, kisha akautoa. Sijui kama alijua ni mkono wa nani.

Mejumaa ndiye aliyegawa juzuu. Alipita na kasha lao, akiweka mojamoja mikononi mwa kila anayejua kusoma. Siku zote katika khitma za mtaa huu mimi hupewa mbili, maana nasoma upesi. Alimpa aliyekuwa kulia kwangu, akampa aliyekuwa kushoto, akaendelea. Kasha lilipobaki na juzuu moja alirudi nayo mahali pake, akaisoma mwenyewe baada ya yake. Nikakaa na mikono mitupu gotini, chumba kizima kinasoma, nami natingisha kichwa kama asiyejua herufi.

Shifa alikuwa katikati ya wasomaji. Alikuwa amefanya kama alivyoamriwa: kavaa nguo zake za kila siku, dera la kijani, na hina aliyopakwa siku ya arobaini bado imekoza mpaka kwenye viganja. Wageni walikuwa wakiingia, wanampita, wanakwenda kumpa mkono binamu yake Faiz, aliyevaa nyeupe kama wajane. Nimeona watatu wakifanya hivyo. Shifa alikuwa akiinua uso kila mtu aliposogea, kisha anaurudisha msahafuni.

Mama mmoja wa Tudor aliketi karibu nami, akaninong'oneza. "Dada, nimekuja kumpa pole mjane. Ni yupi?"

Nikamwonyesha.

Akamtazama, akanitazama mimi.

"Yule mwenye hina?"

"Ndiye," nikasema.

Mama yule akavuta midomo, akakaa pale pale alipokuwa. Hakwenda kumpa mkono.